Nyumba za pembe nane: kwa gari kutoka Virginia hadi Natchez

Ijumaa, Poplar Forest, Virginia

Tumeanzia kwa Thomas Jefferson kwa sababu Mjomba ameshikilia kwamba ukienda kuangalia majengo, anza na lililotangulia. Mjomba ni mwashi mstaafu wa Muheza. Amejenga misikiti, shule na nyumba za watu kuanzia Tanga mjini hadi Lushoto. Mimi huku Marekani ninakadiria gharama za ujenzi. Kwa miaka nimekuwa nikimrushia picha za nyumba za pembe nane kwenye WhatsApp, na kila mara jibu lake ni swali lile lile: "Kona wamezifungaje?" Sasa amekuja mwenyewe kuangalia.

Poplar Forest iko nje kidogo ya mji wa Lynchburg. Jefferson alianza kuijenga mwaka 1806, akiwa bado rais wa Marekani, ili apate mahali pa kujificha na wageni waliokuwa wakimiminika Monticello, nyumbani kwake kwa kawaida. Shamba lenyewe, ekari 4,819, mkewe alilirithi kwa baba yake mwaka 1773. Nyumba ni ya matofali, pembe nane kamili. Katikati kuna chumba cha kulia chenye urefu, upana na kimo sawa, futi 20 kila upande, yaani kama mita 6. Kwa kuwa kimezungukwa na vyumba vingine, mwanga wake unatoka juu, kwenye dirisha la paa lenye urefu wa futi 16. Vyumba vya pembeni navyo vina pembe nane, ila vimerefushwa. Hata vyoo viwili vya nje, vya matofali, vina pembe nane.

Mjomba alikaa chini ya lile dirisha la paa, akatazama juu, kisha akamgeukia mwongozaji wetu, mama mmoja wa makamo. "Mwulize, mwanangu, lilikuwa linavuja?" Nikatafsiri. Yule mama akatabasamu: Francis Eppes, mjukuu wa Jefferson aliyeachiwa nyumba hii, alimwandikia babu yake mwaka 1826 akilalamika kwamba paa linavuja. Mjomba akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

Kuta tunazoziona ni zile zile, lakini mbao karibu zote ni za ukarabati, maana moto uliunguza nyumba mwaka 1845. Milango, fremu na mapambo ya mbao ya mwanzo yalikuwa kazi ya John Hemmings, seremala hodari aliyekuwa mtumwa wa Jefferson. Aliachiwa huru kwa wosia wa bwana wake, pamoja na zana za karakana yake. Mjomba aliomba nimwambie habari hiyo tena, polepole. "Zana alipewa?" Alipewa. "Hapo angalau."

Jumamosi, njiani kwenda kaskazini

Siku nzima barabarani. Karibu na Valley Forge, Pennsylvania, tuliacha njia kuu tukaangalia kishule cha mawe kiitwacho Diamond Rock. Kilijengwa mwaka 1818, kina pembe nane na chumba kimoja tu, na wakati wake jiko la kuota moto lilikaa katikati. Zamani vishule vya aina hii vilikuwa vinajulikana Pennsylvania, na ukisimama mlangoni unaona kwa nini: kila ukuta una nafasi ya dirisha, na hakuna mtoto anayekaa mbali na moto kuliko mwenzake. Tulitumia dakika ishirini hivi, tukaondoka.

Kwenye gari tulipiga hesabu. Ukiwa na ukuta wa mita 40 ukauzungusha kwa mraba, unapata mita 10 kwa 10, eneo la mita za mraba 100. Ukuta huo huo ukiuzungusha kwa pembe nane sawa, unapata mita za mraba 120 na kidogo. Ukiufanya duara, unapata 127. Kwa maneno mengine, pembe nane inakupa sehemu kubwa ya faida ya duara, na bado kila upande umenyooka, unawekeka dirisha la kawaida, mlango wa kawaida, kabati la kawaida. Hesabu hii ndiyo iliyowasha moto wa kujenga nyumba za pembe nane uliowaka Marekani miaka ya 1850. Ni hesabu sahihi, na yeyote anaweza kuirudia kwa kamba na vigingi.

Mjomba anaijua kwa njia ya kamba. Kwenye kituo cha mafuta alinichorea nyuma ya risiti: piga mraba wa mita 10. Pima kutoka kona moja hadi katikati ya mraba, ni mita 7 na sentimita 7. Shika urefu huo huo kutoka kila kona, utie alama kwenye pande mbili zinazotoka kwenye kona hiyo. Utapata alama nane. Ziunganishe, pande zote zinatoka sawa, mita 4 na sentimita 14 kila mmoja. Hakuna haja ya kupima digrii. Msikiti mmoja alioujenga ujanani, sehemu ya kutawadhia aliitandika hivyo hivyo.

Jumapili, Irvington, New York

Ukiwa umezoea picha, bado huwezi kujiandaa kwa nyumba ya Armour-Stiner. Iko Irvington, juu ya mto Hudson, kando ya njia ya mfereji wa kale wa maji wa Croton ambao sasa watu wanautembelea kwa miguu. Rangi yake ni ya waridi, varanda inaizunguka yote, na juu kuna kuba kubwa la vigae vya mawe lenye madirisha yake. Juu ya kuba kuna kijumba kidogo cha vioo.

Paul Armour, mtu wa fedha, aliijenga kati ya 1859 na 1860, na wakati huo haikuwa na kuba wala varanda hii. Mwaka 1872 aliinunua Joseph Stiner, mwagizaji wa chai, na yeye ndiye aliyeiongezea vyote viwili. Chai ya dunia ya karne ya 19 ndiyo iliyolipia kuba hili. Ndani kila chumba kina rangi zake na nakshi zake. Kimoja kimepambwa kwa mtindo wa Misri ya kale. Miaka ya 1970 nyumba ilikuwa taabani, ikanunuliwa na Shirika la Taifa la Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria, kisha mwaka 1978 ikauzwa kwa msanifu majengo Joseph Pell Lombardi, ambaye ameirudisha katika hali yake kipande kwa kipande.

Hapa Mjomba alipata mada yake. Kuba lina tabia ya kusukuma kuta nje. Kwenye nyumba ya mraba, msukumo huo unakwenda kuumiza kona nne. Kwenye pembe nane unagawanyika, lakini haupotei, na ukuta ambao haukujengwa kwa ajili ya kuba unahitaji mkanda wa kuufunga. "Huyu wa chai," akasema, "alivika nyumba kilemba kizito bila kuuliza shingo." Nilimtafsiria kijana mwongozaji maneno hayo, naye akaomba ruhusa ya kuyatumia kwa wageni wengine. Mjomba akamruhusu.

Tulizunguka varanda mara mbili. Kuizunguka ndiko kunakokuonyesha uzuri wa pembe nane: kila baada ya hatua chache mandhari inageuka kidogo, mto unatoka, miti inaingia, kisha bustani, kisha mto tena. Nyumba ya mraba ina mbele na nyuma. Hii ina mbele pande zote.

Jumatatu, Fishkill, New York

Leo tumekuja kuangalia nyumba ambayo haipo. Nilitaka sana tusimame hapa, kwa sababu bila ya nyumba hiyo nyingine nyingi zisingejengwa.

Orson Squire Fowler alizaliwa mwaka 1809 Cohocton, katika jimbo hili la New York. Hakupata jina kwa ujenzi. Alipata jina kwa kupapasa vichwa vya watu na kudai kwamba umbo la fuvu hueleza tabia na akili ya mtu. Ilikuwa elimu ya uongo, na katika zama zake ilitumika sana kuwadhalilisha watu Weusi. Sitaki kulipitia jambo hilo kimya kimya kwa sababu tu naipenda nyumba yake.

Mwaka 1848 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kujijengea. Hoja yake ilikuwa ile hesabu ya ukuta, na aliongeza mengine: nyumba ipate jua pande zote, hewa ipite, ngazi ikae katikati ili mama wa nyumba apunguziwe hatua, juu pawe na kijumba cha vioo cha kuvuta hewa moto nje, maji yapande kwa bomba, moto wa kupasha nyumba utoke sehemu moja. Alizungumza na fundi na mkulima asiye na fedha ya msanifu. Mambo haya leo tunayaona ya kawaida, lakini mwaka 1848 familia nyingi za Marekani zilikuwa zinachota maji kwa ndoo.

Kisha akaanza kujenga ya kwake hapa Fishkill, akaimaliza mwaka 1853. Ilikuwa na vyumba 60, varanda kila ghorofa, na kuba la vioo juu. Alipokuwa katikati ya kazi alisafiri Wisconsin, akaona ukuta wa zege la chokaa na kokoto, akabadilisha mpango wake wote kuufuata. Huko tutafika. Toleo jipya la kitabu chake la mwaka 1853 lilisifu pembe nane na ukuta wa kokoto kwa pamoja.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1857 ulimlazimisha kuipangisha, ikawa nyumba ya wapangaji, homa ya matumbo ikaingia. Wengi walisema maji ya shimo la choo yalikuwa yakipenya kwenye ukuta wa kokoto hadi kisimani. Nyumba ikapita mikono mingi, ikachakaa, na mwaka 1897 ikalipuliwa kwa baruti.

Mjomba alisikiliza yote hayo tukiwa tumesimama kando ya barabara, mbele yetu nyumba za kawaida za watu. Aliuliza shimo lilikuwa umbali gani kutoka kisimani. Alipokuwa msimamizi wa kazi alikuwa akikataa kabisa kuanza kujenga kabla hajaonyeshwa kisima kiko wapi na shimo litakuwa wapi, na wateja wengine walimwona msumbufu.

Jumatano, Mumford, New York

Hii ndiyo nyumba ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ndogo kuliko zote. Kule Mumford, karibu na Rochester, kuna kijiji cha makumbusho cha Genesee ambako majengo ya karne ya 19 yaliyokuwa yametawanyika yamekusanywa pamoja. Nyumba ya akina Hyde ilijengwa kijiji cha Friendship mnamo 1870, ya mbao, pembe nane, varanda kuizunguka na kijumba cha vioo juu ya paa. Waliohama nayo kuileta hapa wameipanga kama vile wenyewe wametoka kidogo.

Humu unaelewa Fowler alikuwa anamwandikia nani. Haikujengwa na tajiri wa chai. Ni nyumba ambayo familia ya kawaida ingeweza kuota kuimiliki.

Na humu humu unaliona tatizo. Ukichora pembe nane halafu ukaanza kukata vyumba ndani, lazima uchague. Ukikata vyumba vya mraba, unabakiwa na pembetatu kwenye kona. Ukikata vyumba kutoka katikati kwenda nje, vyote vinakuwa vipande vya keki, na kitanda hakikai. Wajenzi wengi walichagua njia ya kwanza, zile pembetatu wakazifanya stoo, makabati na vijia. Nilimwona Mjomba ameingia kwenye kabati moja la pembetatu, amesimama humo, anapima kwa mikono.

"Unaona, mwanangu," akasema akiwa bado ndani. "Ukuta wa nje kaokoa. Ukuta wa ndani kalipa."

Nimeandika makadirio ya gharama kwa miaka mingi na sijasikia mtu aliyeieleza nyumba ya pembe nane vizuri kuliko hivyo. Ile asilimia 20 ya eneo inayotoka kwenye hesabu ya ukuta wa nje inaanza kuliwa mara tu unapoanza kugawa. Kila ukuta wa ndani unakutana na wa nje kwa pembe isiyo ya kawaida, kila ubao unakatwa kwa mshazari, kila sakafu ina mabaki. Fundi anayelipwa kwa siku atakumbuka nyumba hiyo.

Lakini kaa sebuleni saa kumi alasiri, utaelewa kwa nini watu hawakujali. Jua lilikuwa limeingia kwa madirisha ya pande mbili kwa wakati mmoja, na chumba hakikuwa na giza popote. Nyumba nyingi za mraba za zama hizo zilikuwa na chumba cha nyuma ambacho hakikupata jua, na watu waliishi humo na moshi wa taa za mafuta. Ukiwa umeishi hivyo, ukaambiwa kuna nyumba isiyo na upande wa giza, utasamehe makabati ya pembetatu.

Alhamisi, barabarani kwenda Wisconsin

Ohio, Indiana, kisha msongamano wa Chicago. Mjomba alilala sana. Alipoamka nilimsimulia nyumba ya pembe nane ya McElroy kule San Francisco, mtaa wa Gough, iliyojengwa mwaka 1861. Miaka ya 1950, wakati wa kuikarabati, fundi umeme alikuta chini ya ngazi kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na barua ya mwenye nyumba, William McElroy, aliyoiandika mwaka ule ule wa 1861 kwa ajili ya watu watakaokuja baadaye. Mjomba alifikiri kwa muda, kisha akasema kwao mafundi huandika jina na tarehe kwenye zege bichi la msingi, mahali ambapo mwenye nyumba hataona.

Ijumaa, Milton, Wisconsin

Milton House si ya pembe nane, ni ya pembe sita. Lakini hapa ndipo Fowler alipopata ukuta wake, kwa hiyo ni lazima uje.

Joseph Goodrich alikuwa mwanzilishi wa mji huu na mtu wa dini wa dhehebu la Wabaptisti wanaoadhimisha Jumamosi. Mwaka 1844 alijenga nyumba ya wageni kwenye njia ya magari ya farasi. Hakutumia matofali. Alichanganya chokaa, mchanga, kokoto na maji, akamwaga kati ya mbao alizozifunga pande mbili, akasubiri zege likauke, akapandisha mbao juu, akamwaga tena. Ghorofa tatu. Imesimama mpaka leo.

Fowler alipofika, kwa maelezo yake mwenyewe, Goodrich alimwambia achukue nyundo kubwa agonge ukuta wa sebule kwa nguvu zake zote, kwa malipo ya senti sita kila pigo, kwani senti sita zingetosha kufunika athari yoyote. Mjomba alipolisikia hilo aliweka kiganja ukutani, akagonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akasogea hatua mbili, akagonga tena. Mwongozaji alimwachia.

Hapo ndipo lile swali lake la miaka yote lilipopata jibu. Tofali la kawaida lina kona ya digrii 90, na kona ya ukuta wa pembe nane ina digrii 135. Ili kona ifunge vizuri lazima ukate tofali, au uchome matofali maalumu ya kona, na kila kona ina safu kadhaa kuanzia chini hadi juu. Mwashi asiyejali huacha ufa wa wima. Lakini zege la kumwagwa halijui kona. Unafunga mbao kwa pembe unayotaka, unamwaga, basi. Fowler alipofika Milton hakuona nyumba tu, aliona namna ya kuijenga pembe nane yake bila ya mwashi ghali. Ndiyo maana aliviunganisha vitu viwili hivyo kwenye kitabu chake. Mjomba alilieleza hili kwa mikono kabla sijalimaliza kulieleza kwa maneno.

Halafu tukashuka chini. Goodrich alipinga utumwa, na kutoka ghala la chini la nyumba hii kuna njia ya chini ya ardhi inayotokea kwenye kibanda cha magogo kilichoko nyuma. Watu waliokuwa wakitoroka utumwa wa Kusini walijificha humu wakiwa njiani kwenda Kanada. Njia imepanuliwa ilipofanywa makumbusho mwaka 1954, ili wageni wapite wima. Zamani watu walitambaa kwenye udongo. Tulipita wote wawili bila kusema.

Jumamosi, Watertown, Wisconsin

Mwendo mfupi kaskazini. John Richards, mwanasheria aliyekuwa pia na mashine za kusaga na kupasua mbao, alimaliza nyumba hii mwaka 1854 kwenye kilima kinachotazama mto Rock. Ni ya matofali, na ukihesabu vyumba, makabati na vijia vyote unafika 57. Ukoo wake ulikaa humu hadi mwaka 1937, ukaikabidhi kwa chama cha historia cha mji.

Kuna vitu viwili vya kuangalia hapa. Cha kwanza ni maji. Maji ya mvua yalikusanywa kutoka paani yakaingia kwenye tangi la juu, yakashuka kwa mabomba hadi chini kwa uzito wake yenyewe. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa, kwani nusu ya nyumba zetu zina simtanki juu ya mnara kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mwaka 1854, katika mji wa mpakani mwa msitu, lilikuwa jambo la ajabu.

Cha pili ni ngazi. Iko katikati kabisa ya nyumba, inapanda kwa kuzunguka kutoka chini hadi kijumba cha juu, na haina nguzo katikati. Kila kipandio kimeshikwa ukutani kwa ncha moja tu, na kinakalia kile cha chini yake. Ukisimama chini ukaangalia juu, unaona utepe wa mbao unaojizungusha kuelekea kwenye mwanga wa kijumba. Mjomba aliomba kuangalia upande wa chini wa vipandio. Alipitisha kidole kwenye mshono mmoja baada ya mwingine, ghorofa nzima, akitafuta mahali palipofunguka. Hakupata. Zimepita zaidi ya miaka 170.

Ngazi hiyo ndiyo moyo wa nyumba kwa maana ya kazi pia. Wakati wa joto, madirisha ya kijumba yakifunguliwa, hewa moto inapanda kupitia uwazi wa ngazi na kutoka, na hewa mpya inaingia chini. Nyumba inapumua bila mtambo wowote. Leo ilikuwa joto kali nje, na tulipofungua mlango wa chini tulihisi upepo ukitupita miguuni kuingia ndani.

Kwenye uwanja huo huo kuna kibanda cheupe kilichohamishiwa hapa kutoka mjini. Ndimo Margarethe Schurz, mhamiaji kutoka Ujerumani, alimoanzisha chekechea ya kwanza ya Marekani mwaka 1856, akiwafundisha watoto kwa Kijerumani. Mjomba, ambaye mjukuu wake anamiliki shule ya awali kule Muheza, alipiga picha kila kona ya kibanda kile.

Jumanne, Natchez, Mississippi

Tumeshuka nchi yote kutoka Wisconsin kuja kuona nyumba kubwa kuliko zote za pembe nane Marekani, na sijui kama nilikuwa tayari.

Longwood imejificha kwenye miti yenye majani marefu yanayoning'inia. Haller Nutt, aliyekuwa akimiliki mashamba makubwa ya pamba na mamia ya watumwa, alimwagiza msanifu Samuel Sloan wa Philadelphia amchoree. Kazi ilianza mwaka 1860. Michoro ilikuwa ya vyumba 32, na kuba la umbo la kitunguu juu. Sloan alipanga hata vioo vya kuakisi jua kutoka juu kabisa hadi chini. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vilipoanza, mafundi kutoka Kaskazini waliondoka kurudi kwao. Ghorofa ya chini tu ndiyo iliyokamilika, vyumba 9, na familia ikahamia humo ikisubiri vita viishe. Nutt alikufa mwaka 1864. Mkewe Julia na watoto waliendelea kuishi chini, na juu yao kukabaki gamba la nyumba.

Ukipanda juu leo unalikuta gamba hilo. Matofali uchi, boriti uchi, hakuna plasta, hakuna sakafu mahali pengi, na macho yanapaa moja kwa moja hadi ndani ya kuba. Kuna zana na masanduku ya mafundi yaliyobaki. Kwa mtu wa ujenzi hapa ni darasa ambalo hulipati penginepo, kwa sababu kila kitu ambacho plasta huficha kiko wazi. Mjomba alizifikia kona zake hatimaye. Aliinama kwenye moja karibu na dirisha, akaangalia jinsi matofali yalivyopishana kwenye mgeuko. Mengine yamekatwa kwa ustadi, kingo zimenyooka.

Matofali haya yalichomwa hapa hapa na watumwa. Mwongozaji alilisema hilo, lakini kwa sentensi moja, kisha akaendelea na masikitiko ya familia ya Nutt iliyopoteza mali. Ninaielewa huzuni ya mjane aliyebaki ghorofa ya chini na watoto. Lakini niliona vibaya kwamba mafundi wa Philadelphia wanatajwa kwa zana zao walizoziacha, na waliochoma matofali hawatajwi kwa chochote. Nilimwuliza kama majina yao yanajulikana. Tulizungumza muda mrefu, alinipokea vizuri, na akaniandikia mahali pa kuulizia kumbukumbu za kaunti.

Baadaye mchana tulikwenda Forks of the Road, upande mwingine wa mji. Hapo palikuwa na soko la watumwa, mojawapo ya makubwa kabisa Kusini mwa Marekani. Kumebaki uwanja wa nyasi, mabango na minyororo iliyofukiwa kwenye zege. Wakati wa vita, askari wa Kaskazini, wakiwemo askari Weusi, walibomoa mabanda ya soko hilo, na mbao zake zikatumika kujengea kambi ya jeshi. Mjomba alisoma bango hilo kwa Kiingereza chake cha taratibu mpaka mwisho, bila kuniomba nimtafsirie.

Jioni, kwenye meza ya moteli, alinitaka karatasi. Amechora shule ya awali ya mjukuu wake: darasa moja, pembe nane, lililotandikwa kwa mraba wa mita 10, halina ukuta wowote wa ndani. Madirisha kwenye pande saba, mlango kwenye wa nane, na uwazi wa hewa kileleni uliofunikwa kwa kofia ya bati. Kuta za zege la kumwagwa hadi usawa wa madirisha, nguzo kwenye kila kona kutoka hapo, na mkanda wa nondo kuzifunga juu. Nikamwambia bati litaliwa sana na paa la pembetatu nane. Akasema kipande kinachokatwa upande mmoja wa pembetatu kinageuzwa na kuwekwa upande wa pili, mwenye kutupa ni fundi asiyetaka kufikiri. Nimeanza kumpigia bei ya mbao za kufungia zege, ambazo atazitumia mara nane kwa sababu pande zote ni sawa. Nondo bado anabishana nami: anataka za milimita 12 kwenye mkanda, mimi nasema za 16.